Lindi hadi Newala na mzigo: injini ndogo au kubwa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mtumishi hapa Lindi mjini. Kila mwisho wa mwezi nampeleka mama watoto na wanetu watatu kwa wakwe zangu Newala, na tukirudi buti limejaa mihogo na korosho. Nataka kununua gari langu la kwanza. Nimeona IST ya cc 1300, IST ya cc 1500 na Harrier ya cc 2400. Rafiki yangu mmoja anasema injini ndogo ndiyo yenye uchumi. Mwingine anabisha kwamba ndogo ikipandisha mlima inakula mafuta kuliko kubwa. Tena kuna fundi ameniambia nikitoa masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, gari litachanganya haraka na mafuta yatapungua. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa safari hiyo na mzigo huo, chukua IST ya cc 1500. Rafiki zako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kosa lao ni moja: wanaangalia cc peke yake bila kuuliza injini hiyo inavuta kilo ngapi.

Hebu tupige hesabu. IST ya 1300 ina nguvu za farasi 87 na uzito wa kilo 1,000 hivi. Ya 1500 ina farasi 109, na uzito wake umezidi kidogo tu. Harrier ya 2400 ina farasi 160, lakini yenyewe ni kilo 1,550 hivi kabla hujapakia hata mfuko wa sukari. Gawanya: kwenye IST ya 1500 kila farasi anavuta kilo 9 na ushee. Kwenye Harrier, kilo 9 na ushee vilevile. Kwenye IST ya 1300, zaidi ya kilo 11. Sasa pakia watu watano na mihogo yao, tuseme kilo 400. IST ya 1500 inafika kilo 13 kwa kila farasi, Harrier 12, na ile ya 1300 inafika 16. Hapo ndipo gari linapokataa kupanda na dereva anaanza kulilaumu.

Kwa hiyo Harrier, pamoja na ukubwa wake wote, haiizidi sana IST ya 1500 mlimani. Sehemu kubwa ya nguvu unayoinunua inatumika kubeba mwili wake yenyewe. Ukisafiri kwa mwendo wa kati kwenye lami, IST ya 1500 nzima hucheza kwenye kilomita 14 hadi 16 kwa lita, na Harrier 9 hadi 10. Lindi hadi Newala kupitia Mingoyo na Masasi ni kama kilomita 200. Kwenda na kurudi, tofauti ni zaidi ya lita 10 kila mwezi. Zizidishe kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huu uone. Ushuru nao hupanda injini ikivuka cc 2000.

Kwa nini injini kubwa inakula hata ukiendesha polepole? Injini ya petroli inapunguza nguvu kwa kuziba hewa. Kuna kilango kwenye njia ya hewa, mafundi tunakiita throto. Ukikanyaga kidogo kinafunguka kidogo, na pistoni zinalazimika kunyonya hewa kwa shida, kama mtu anayevuta pumzi kupitia mrija. Kazi hiyo ya kunyonya inalipwa kwa petroli na haisogezi gari hata inchi moja. Injini ya 2400 kwenye kilomita 60 kwa saa inatumia sehemu ndogo sana ya uwezo wake, kwa hiyo kilango kiko karibu kufungwa muda wote. Injini ndogo kwa kazi ileile inafungua zaidi, inapumua vizuri, na kila tone linazaa zaidi. Mpaka hapa rafiki yako wa kwanza yuko sahihi.

Wa pili naye ana hoja. Injini ikikanyagwa kwa kiasi, kompyuta yake inachanganya kilo 14.7 za hewa na kilo 1 ya petroli. Ukizamisha mguu mpaka chini, inabadilisha mchanganyiko, hewa inashuka hadi 12.5 hivi kwa petroli ileile, ili ipate nguvu ya mwisho na kupoza vyumba vya mwako. Petroli inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 15, na nguvu inaongezeka kidogo tu. IST ya 1300 yenye watu watano itakaa katika hali hiyo muda mrefu ukianza kupandisha uwanda wa Makonde, na itarudi hapo kila unapotaka kuovateki lori la saruji au la korosho. Bado haitakula kuliko Harrier. Lakini ule uchumi ulioufuata kwenye 1300 kuliko 1500 utakuwa umeuacha mlimani. Na kuovateki ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Msimu wa korosho ukipamba moto, barabara ya Masasi inajaa malori, na gari lisilochanganya likiwa upande usio wake ni hatari kwa wanao. Nguvu ya akiba si anasa kwenye barabara ya njia mbili.

Mlima wenyewe hauna uchawi. Kuinua gari la kilo 1,300 mita 500 juu kunadai zaidi ya robo tatu ya lita ya petroli, ukikumbuka kwamba kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye petroli ndiyo inayofika kwenye tairi. Panda kwa gia inayokuruhusu kukanyaga nusu hadi robo tatu. Kama gia boksi inahangaika kubadilisha juu na chini, zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, itatulia.

Wakati wa kushuka, wengi huweka nyutro wakidhani wanaokoa. Tafadhali usifanye hivyo. Injini zenye kompyuta, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata petroli kabisa na tairi ndizo zinazoizungusha injini. Ukiweka nyutro, petroli inarudi ili injini isizime, halafu breki zinabaki peke yake kulishika gari. Zikichemka, zinakuacha katikati ya kona.

Kinachomaliza mafuta ya watu wengi ni mwendo. Upinzani wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia mara mbili. Na kila ukishuka hadi 50 kijijini halafu ukarudi 100, IST yenye mzigo inalipa karibu nusu ya sehemu ya kumi ya lita. Ukirudia mara 20, lita nzima imekwenda. Ukiona kibao cha 50, achia mafuta mapema gari lijiendee lenyewe badala ya kungoja tuta ndipo ufunge breki.

Kuhusu masega: yakiwa mazima, kuyatoa kunakupa nguvu ambayo hutaihisi kitini, kunawasha taa ya cheki injini kwa sababu sensa iliyo nyuma ya masega haioni tena moshi ukisafishwa, na moshi wenye sumu unaachiwa pale mtaani ambapo wanao wanacheza. Yakiwa yameziba kweli, gari linakosa nguvu na linakula. Hapo tafuta kwanza kilichoyaziba, mara nyingi ni plagi au koili mbovu inayopitisha petroli bila kuungua, au injini inayokula oili. Na ujue ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei. Fundi akiyatoa, muulize yanakwenda wapi.

Ukienda yadi, usibabaishwe na karatasi ya kilomita 18 kwa lita. Namba hiyo ni ya jaribio la Japan liitwalo 10-15, ambalo kasi yake ya juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa, tena ndani ya maabara, bila mzigo wako wala mchanga wa huku. Ukishanunua, jaza tenki hadi pampu ikate, weka geji ya safari kwenye sifuri, nenda Newala urudi, jaza tena kituo kilekile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Ikishuka chini ya 12 kwa mwendo wa kistaarabu, pima kwanza upepo wa tairi kabla hazijapata moto, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, halafu angalia filta ya hewa na plagi kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua injini.