Mafuta ya mshipani dhidi ya sumu ya ganzi

SWALI: Mgonjwa wa kilo 60 akidhurika na bupivakaini (dawa ya ganzi), apewe mafuta ya dripu kiasi gani? – Mtoa usingizi, Kasulu, Kigoma

JIBU: Acheni kuchoma ganzi, iteni msaada, mpeni oksijeni, tulizeni degedege kwa diazepamu. Mafuta ya asilimia 20: mililita 90 kwa dakika moja, kisha 15 kila dakika. Presha isipopanda baada ya dakika 5, rudieni 90 na ongezeni kasi iwe 30. Jumla isivuke 720. Moyo ukisimama, endeleeni kukandamiza kifua, hata saa nzima, tafadhali msikate tamaa mapema. Propofoli (dawa ya usingizi) nayo ni nyeupe kama maziwa, lakini si mbadala: ina mafuta asilimia 10 tu, na yenyewe hushusha presha. Chupa ya mafuta yenye matone ya njano yanayoelea juu imeharibika, tupeni.