Mstari urudishe, ila uupambe

Dada, umesema uliondoa mistari chini ya viungo (maneno ya kubofya) vya tovuti yako ya mapishi ukabakiza rangi ya machungwa hafifu, na sasa wasomaji hawajui pa kubofya. Wana haki. Asiyetofautisha rangi vizuri, au anayesoma kwenye simu juani, kiungo chako anakiona kama maneno mengine tu.

Mstari wenyewe hauna kosa. Kinachoudhi ni kubanana kwake na mikia ya herufi. Chukua neno “nyanya” likiwa kiungo: mstari unagongana na y mara mbili, ukatikatike. Usogeze chini kwenye CSS, yaani msimbo unaopanga mwonekano wa tovuti:

a {
color: #0B5FA5;
text-decoration: underline;
text-underline-offset: 0.2em;
text-decoration-thickness: 1px;
}

Utaona neno linapata nafasi ya kupumua. Bluu hiyo (#0B5FA5) juu ya nyeupe inapita uwiano wa utofauti wa mwangaza wa 6:1, wakati kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5:1. Ukitaka mstari uwe mpole zaidi, upe rangi yake kwa text-decoration-color. Hapo machungwa yako yanafaa, mradi yakolee kidogo.

Tafadhali usiufiche mstari ukasubiri kipanya kipite juu yake. Kwenye simu hakuna kipanya.

Kwenye menyu ya juu unaweza kuuondoa mstari. Pale mahali penyewe panajieleza. Ndani ya aya, hapana.

Na badala ya “bofya hapa”, kiungo kiandike “jinsi ya kukamua tui la nazi”.