Vikao sita na kocha wa ajira

Barua kadhaa za safari hii zimetoka kwa watu waliopunguzwa kazi ambao, pamoja na malipo ya kuondoka, wamepewa vikao na kocha wa ajira. Tumejibu nne.

Nimepunguzwa kazi baada ya miaka 11 katika idara ya manunuzi. Barua inasema kampuni itanilipia vikao sita vya saa moja moja na kocha wa ajira. Huyo ndiye atakayenitafutia kazi? Na nianze naye vipi nisije nikavipoteza bure?
*Ofisa manunuzi*

Hatakutafutia kazi. Anayetafutia waajiri watu ni wakala wa ajira, na mteja wake ni mwajiri. Kocha kazi yake ni kukunoa wewe: uchague pa kuelekea, ueleze vizuri uliyoyafanya, ujiandae kwa usaili, ujue la kusema ofa ikija. Akikuahidi ajira, au akidai sehemu ya mshahara wako wa kwanza, achana naye.

Saa hizo sita hupotea kwa njia mbili. Wapo wanaozimaliza zote ndani ya wiki mbili za mwanzo, hasira ikiwa bado mbichi, halafu mwezi wa tatu wanaitwa kwenye usaili na hawana wa kuwafanyisha mazoezi. Wapo pia wanaozitunza mpaka zinaisha muda. Kwa hiyo kabla ya yote tazama tarehe ya mwisho na inahesabiwa kuanzia lini, maana huenda ni siku yako ya mwisho kazini na siyo siku ya kikao cha kwanza. Kama hujasaini makubaliano ya kuondoka, omba kwa maandishi muda urefushwe. Ombi hilo ni rahisi kukubaliwa kabla ya sahihi kuliko baada yake.

Tungekuwa wewe, vikao viwili tungevitumia ndani ya wiki tatu za kwanza, cha tatu baada ya kutuma maombi kama kumi hivi, cha nne tungekiweka akiba mpaka simu ya usaili ipigwe. Cha tano ni cha siku ofa itakapokuja: mshahara, cheo, tarehe ya kuanza. Cha sita, masharti yakiruhusu, ni cha mwezi wa kwanza kwenye kazi mpya. Wengi hukidharau hicho cha mwisho, na hapo ndipo mtu aliyezoea taratibu za mwajiri mmoja kwa miaka 11 huanza kukwaruzana na wenzake wapya bila kujua sababu.

Usiende mikono mitupu. Andaa ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya, na uandike kwa vitendo. Mtu wa idara yako kwa kawaida ataandika, "Nilihusika na shughuli zote za manunuzi." Hapo kocha hana pa kushika; nusu saa itakwisha akikuuliza maswali ambayo ungejijibu nyumbani. Linganisha na hii: "Idara tano zilikuwa zikiagiza vifaa kila wiki, kila moja kivyake. Niliziunganishia oda, ankara zikashuka kutoka 20 hadi 4 kwa mwezi, na msambazaji akakubali kupunguza bei kwa asilimia 6." Tatizo limo, hatua imo, matokeo yanahesabika. Mambo sita hadi nane ya namna hiyo yanatosha. Usipokuwa na takwimu kamili, weka makadirio unayoweza kuyatetea ukibanwa. Nakala za tathmini zako ziombe idara ya rasilimali watu, lakini usijitumie mafaili ya kampuni kwa barua pepe, hata uliyoyaandaa mwenyewe. Yanaweza kukuletea mgogoro wakati bado unadai malipo yako.

Ongeza matangazo matatu ya kazi unazozitamani. Chapisha, kisha pitisha kalamu: piga mstari chini ya unachokiweza, zungushia usichonacho, weka alama ya kuuliza pale usipoelewa. Kocha akiyaona matatu kwa pamoja ataona haraka kama unalenga juu mno, chini mno, au sehemu tatu zisizohusiana.

Nimetuma maombi zaidi ya 60 na sijaitwa hata mara moja. Kocha ananiambia nisitume mengine kwanza. Hapo si ananichelewesha?
*Mhasibu*

Ana hoja. Maombi 60 bila simu hata moja yanaonyesha kuwa tatizo liko kabla ya usaili: wasifu wako, au kazi unazolenga. Ungekuwa unaitwa halafu unaishia mzunguko wa kwanza, tungesema ni majibu yako. Ungekuwa unafika mwisho ukikosa, tungetazama wadhamini wako na mshahara unaoutaja, ingawa wakati mwingine ni kwamba mwenzako alikuwa bora tu.

Mpelekee kocha tangazo pamoja na wasifu uleule uliotuma kwa tangazo hilo, jozi tatu. Na kabla hujaenda fanya jaribio hili la dakika mbili. Fungua wasifu, teua maandishi yote, nakili, kisha bandika kwenye programu ya maandishi matupu. Kama tarehe zimeruka na kukaa chini ya kazi nyingine, au jina na simu vimepotea, basi programu ya kuchuja maombi nayo inaweza kuvisoma hivyohivyo. Wachawi wa kawaida ni safu mbili, jedwali, masanduku ya maandishi, na namba ya simu iliyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa. Rudi kwenye safu moja, vichwa vya kawaida. Haipendezi macho sana, ila inasomeka.

Nikiulizwa "kwa nini uliondoka?" sauti inatetemeka. Niseme nini?
*Msimamizi wa ghala*

Kwa ufupi: "Kampuni iliunganisha maghala mawili, nafasi yangu ikafutwa pamoja na nyingine nne. Sasa natafuta ghala kubwa zaidi, kwa sababu kupanga mtiririko wa mizigo ndiko ninakokumudu zaidi." Weka mambo yako, lakini umbo libaki hilo: kilichotokea, kisha unakoelekea. Sekunde 20 zinatosha. Kinachoharibu ni nyongeza, ile "lakini kusema kweli bosi wangu...", ambayo hutoka pale msaili anapokaa kimya. Mwombe kocha anyamaze makusudi baada ya jibu lako, na urekodi kwa simu. Mara ya tano au ya sita utaweza kunyamaza naye.

Kocha analipwa na kampuni iliyoniondoa. Ninayomwambia hayatarudi kule? Na nitajuaje kama ana sifa?
*Asiyetaka kutajwa*

Muulize ndani ya dakika kumi za kwanza: mlipaji anapelekewa nini? Jibu la kuridhisha ni kwamba anaambiwa vikao vilivyotumika tu, na liwe kwenye maandishi. Hata hivyo, usiri wa kocha si sawa na wa wakili. Kama unafikiria kuishtaki kampuni, hayo yapeleke kwa wakili au chama cha wafanyakazi, usiyafanyie mazoezi kwa kocha.

Kuhusu sifa, katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lina ngazi tatu za vyeti, ACC, PCC na MCC, zinazodai walau saa 100, 500 na 2,500 za kufundisha wateja. Cheti ni dalili nzuri, lakini muulize pia amefanya kazi na watu wangapi wa fani yako waliopunguzwa, na kama yeye mwenyewe amewahi kuajiri. Asipokufaa, omba abadilishwe baada ya kikao cha pili, ukitaja kinachokosekana: "Nahitaji anayeijua sekta ya fedha" hupata jibu haraka kuliko "hatuelewani". Na kama wiki kadhaa hulali au huli, kikao cha wiki hii kiahirishe, umwone daktari au mnasihi kwanza. Uliza pia kama kuahirisha kunahesabiwa kuwa kikao kimetumika, maana wapo wanaotaka taarifa ya saa 24.