"Imeingia" haina maana kwamba inafaa

Swali: Fundi, shikamoo. Nipo Pangani, nafufua mashine ya boti, Johnson ya hp 25, aliyoacha marehemu babu. Kibati chake kinasomeka J25ECR. Impela ya zamani, ule mpira wenye mabawa unaosukuma maji ya kupoza mashine, ilikuwa imekatika mabawa. Dukani nikapewa ya Yamaha, nikaambiwa ni saizi ileile, na kweli imeingia. Lakini maji yanatoka kidogo, na baada ya dakika kumi mashine inachemka. Fundi wa hapa anasema nitoe themostati. Nitoe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Themostati, ile vali inayofungulia maji mashine ikipata moto, iache ilipo. Ukiishuku, itie kwenye sufuria ya maji ya moto uitazame: maji yakishapita kiasi cha nyuzi 60 inatakiwa ifunguke. Isipofunguka, nunua nyingine. Ukiitoa kabisa mashine itakwenda baridi, plagi zitalowa, na masizi yatajaa kwenye ringi za pistoni. Utakuwa umeficha ugonjwa mmoja na kuongeza wa pili.

Neno linaloniumiza ni hilo "imeingia". Nalisikia kila wiki. Impela kuingia kwenye shafti ni jambo dogo. Inasukuma maji kwa sababu imebanwa. Ncha za mabawa zinagusa ukuta wa kikombe cha pampu, uso wa juu na wa chini unagusa chuma. Ikipungua kimo hata milimita moja, maji yanateleza juu yake yanarudi yalikotoka. Kwenye sailensa, mashine ikizunguka polepole bila mzigo, utayaona yanaruka nyuma, uridhike. Ukifungua moto na mzigo ndani, hayatoshi.

Fungua tena. Pitisha ukucha kwenye bati la chini na ndani ya kikombe. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hata impela halisi haitakusaidia, nunua seti nzima ya pampu.

Halafu, yale mabawa yaliyokatika yako wapi? Yatafute uyahesabu mpaka yatimie. Mwezi uliopita nililetewa mashine iliyokwishabadilishwa impela tatu na themostati imetupwa. Nilipochomoa bomba la maji, pale linapoingilia kwenye bloku, kikadondoka kipande cha mpira cheusi, kigumu, ukubwa wa mbegu ya ukwaju. Kilikuwa kimeziba njia tangu impela ya kwanza. Pistoni ya juu ilikwishachubuka, na mwenyewe alikuwa amelipa mafundi wawili.

Spea inunuliwe kwa namba. Kuanzia 1980, Johnson na Evinrude waliandika mwaka kwa herufi za neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, hivyo hivyo mpaka S ambayo ni 0. CR yako ni 84, yaani mashine ya 1984. Lakini linganisha kibati na namba iliyogongwa kwenye kifuniko kidogo cha duara ubavuni mwa bloku, kwa sababu mashine ya umri huo huenda imeshavalishwa viungo vya mwenzake. Kampuni iliyoitengeneza, OMC, ilifilisika mwaka 2000, ila spea za pampu zake bado zinatengenezwa. Anayekuambia hazipo anataka kukuuzia alichonacho.

Unapofunga, paka maji ya sabuni, zungusha shafti kama mshale wa saa huku unakandamiza kikombe, ili mabawa yalale upande wake. Usiwashe kavu hata kwa sekunde chache, tumia pipa la maji.

Tabia hii haiishii kwenye impela. Naona gasketi za kichwa zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Naona boliti za pikipiki zilizolazimishwa kwenye aluminiamu mpaka zimekula nyuzi. Baya kuliko yote ni msumari. Mashine ndogo za zamani zina pini laini kwenye propela, nayo imewekwa makusudi ivunjike. Propela ikigonga mwamba, pini inakatika, unabadilisha palepale, unaendelea na safari. Msumari wa chuma haukatiki. Yanakatika meno ya gia, nawe uko mkondo wa Pemba, kusi imechachamaa, kuna watu sita ndani na kasia moja. Ukimkuta fundi ana kopo la misumari iliyokwishakatwa saizi ya pini, chukua mashine yako uondoke.