Hesabu Mapanga Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, ninunue kifaa gani cha kupimia hewa nyuma ya feni?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo ndilo lililonitia aibu mbele za watu.

Nilianza na mrija wa Pitot, unaopima kasi ya hewa kwa shinikizo la hewa inayoingia mdomoni mwake, kifaa cha yule Henri Pitot aliyepima kasi ya mto Seine mwaka 1732. Kwenye bomba lililonyooka haujawahi kuniangusha. Nyuma ya feni, hewa inasonga mbele huku inazunguka, inaupiga mrija ubavuni, na namba inashuka ilhali hewa haijapungua. Tena kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde shinikizo lenyewe ni paskali 5 na ushee. Mtu akifungua mlango tu, namba inacheza.

Nikaomba waya wa moto: uzi wa tungsteni wa maikromita 5, mwembamba kuliko unywele, unaopashwa kwa umeme. Hewa inaupoza, wewe unasoma kasi. Nikajiona bingwa. Grafu ikatoa wimbi la mara 31 kwa sekunde, nikaamua hewa inabanduka kwenye mapanga ya feni, yaani inaachana na uso wake. Wiki tatu nzima! Nikaandika ripoti, nikasimama mbele ya wakubwa.

Mzee mmoja wa karakana akauliza, "Kijana, feni ina mapanga mangapi?" Saba. "Inazunguka mara ngapi?" Mara 1450 kwa dakika. Akapiga hesabu: panga linapita mara 169 kwa sekunde. "Na wewe ulirekodi mara ngapi?" Mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi polepole hivyo, wimbi la kasi linajitokeza kama la polepole: mara mbili ya 100 ni 200, toa 169, zinabaki 31. Wimbi langu lilikuwa mapanga yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nachungulia polepole mno. Wakacheka wote. Kuna mmoja hadi leo ananiita "Thelathini na Moja", na sijazoea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hesabu mapanga kwanza. Rekodi zaidi ya mara mbili ya mapigo ya juu kabisa; mimi siku hizi naenda hata mara kumi. Weka kichujio cha kukata mawimbi ya kasi usiyoweza kuyarekodi, kabla namba hazijaingia kwenye kompyuta. Kisha hesabu mapanga tena. (Waya wa moto pia hautofautishi hewa inayorudi nyuma na inayokwenda mbele, lakini hilo tuliache.) Najua mnatamani kupima hewa kwa mwanga wa leza. Hata mimi naipenda. Ila asiyeijua feni yake, leza itamdanganya kwa picha nzuri zaidi.

Msomaji wangu nilimjibu kwa swali: yako ina mapanga mangapi? Hajajibu bado.