Binti yangu anajifungia na filamu ya mbwa mwitu

*Shangazi, nalea binti wa miaka 13 peke yangu tangu mama yake afariki. Amevunja ungo juzijuzi. Nilijua nilipokuta pedi kwenye mkoba wake. Sasa anajifungia chumbani akirudia filamu moja, Ginger Snaps, ya msichana anayegeuka mbwa mwitu. Nikimuuliza ananifokea: "Baba, huwezi kuelewa!" Nimpige marufuku? – Baba mwenye wasiwasi*

Baba, pole kwa kufiwa, na pole kwa mlango huo unaofungwa kila ukikaribia.

Simshangai binti yako. Katika filamu hiyo ya Kanada ya mwaka 2000, Ginger anang'atwa na mnyama usiku uleule anaovunja ungo. Nywele zinamwota asikotarajia, hasira zinampanda, na nesi wa shule anamwambia kwa uchangamfu kwamba yote ni ya kawaida. Mtoto aliyepata hedhi akiwa hana mama wa kumweleza lazima ajione humo.

Kinachonitia hofu ni jambo jingine. Ginger na mdogo wake wameapiana kufa pamoja, na hupigana picha wakijifanya maiti. Kwa mtoto aliyefiwa, hilo ni zito. Muulize waziwazi, kwa upole, kama naye huwaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikiri, usimwache peke yake. Mfikishe kwa daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo.

Filamu yenyewe ni ya watu wazima, ina damu na vifo vingi. Mwambie aiweke kando hadi akue, na umpe sababu. Ila ukiishia hapo utakuwa umemnyang'anya kitu pekee kilichozungumza naye kuhusu mwili wake.

Tafuta Teen Wolf ya mwaka 1985, uitazame kwanza wewe. Kijana Scott amejifungia bafuni, manyoya yamemjaa, baba yake anabisha hodi. Anafungua kwa hofu, na kumbe baba naye amegeuka mbwa mwitu! Hali hiyo ni ya ukoo, ila mzee alinyamaza akitumaini itamruka mwanawe. Nampenda sana baba yule, lakini alichelewa.

Wewe hukupata hedhi, ila uliwahi kuwa na miaka 13. Sauti ilikukwaruza, ulinuna bila sababu, ukaogopa kutazamwa. Msimulie aibu moja uliyoificha wakati huo, kabla ya somo lolote la usafi. Kama yupo shangazi yake au mama mdogo anayempenda, muulize kama angependa kuzungumza naye. Usimwite bila yeye kujua. Na pedi zinunue pamoja na sabuni na dawa ya meno, uziweke bafuni, asilazimike kuomba.

Leo jioni bisha hodi. Akisema huwezi kuelewa, kubali kwamba mengi huyajui, kisha umwombe akusimulie habari za Ginger.