Udiwani Mtwara mjini: niliahidi lami isiyo yangu

Mkuu umesema unataka udiwani huku manispaa na vipaumbele vyako ni lami, maji na ajira, unaomba maoni. Mi niligombea 2020 nikapigwa chini, na kipeperushi changu kilikuwa na hivyo hivyo vitatu, nilipanga hadi hivyo hivyo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Jioni moja tulikaa pembeni ya soko, watu kama arobaini, nishamwaga lami mpaka mlangoni kwa kila mtu, bibi mmoja anapanga mafungu yake ya ming'oko wala hajainua kichwa akaniuliza "mwanangu, hiyo lami utaitoa mfuko gani?" Nikajibu wa manispaa. Pale alikuwepo mzee mmoja mtendaji mstaafu, akacheka kwanza, halafu akasema barabara za mitaa zipo TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, sasa diwani utachonga na jembe? Watu waliangua kicheko we acha tu, na bibi bado anapanga mafungu.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jua kipi kipo mikononi mwa baraza na kipi utaenda tu kukigongea mlango kwa watu. Barabara TARURA, maji MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa mjini, hata kodi ya majengo siku hizi watu wanakatwa wakinunua umeme wa LUKU, manispaa haiikusanyi. Bei ya korosho ndo usiguse kabisa, Oktoba ni msimu wa minada, kila kona watakuuliza wewe, sema ukweli tu kwamba diwani hapangi bei.

Kinachobaki sio kidogo. Soko, taka, zahanati, shule za msingi, halafu ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya manispaa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na hapo mi ndo ningeweka nguvu zote. Kuna kina mama wa kata yangu wanakaanga samaki, wapo kumi, walirudishwa mara tatu, mara katiba ya kikundi haijakaa sawa, mara muhtasari hauna saini ya mwenyekiti wa mtaa, mara akaunti, kila safari nauli na siku ya biashara imekufa, mwisho wakaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Sasa hapo huhitaji bilioni, unahitaji diwani akae nao na afisa maendeleo ya jamii wa kata asubuhi moja makaratasi yaishe. Andika "mwaka wa kwanza vikundi vitano vya kata hii vipate mkopo" uone kama kuna mtu atakucheka. Hiyo ndo ajira yako, we si unataka ajira.

Halafu angalia kalenda, hii wengi hawaijui. Ukishinda Oktoba, mpaka muapishwe mmchague meya mwaka unaisha, na bajeti inayoanza Julai baraza linaipitisha Januari Februari hivi. Maana yake una wiki chache za kuitisha kamati ya maendeleo ya kata (mwenyekiti ni wewe, katibu ni mtendaji) mambo yako yaingie kwenye muhtasari. Ukienda na kumi yanapotea yote, nenda na mawili matatu na kila moja ujue bei yake, bati ngapi, mifuko mingapi ya simenti.

Najua kuna watu watakuja hapa chini kusema kura ni khanga na chumvi, vipaumbele nani anasoma. Sibishi sana, nimeziona hizo khanga. Ila jamaa aliyenishinda hakuwa na hela kunizidi. Yeye alisimama pale pale sokoni akasema choo cha soko kisifungwe saa kumi na mbili, maana kina mama wa samaki wanauza mpaka saa mbili usiku na wakibanwa wanakimbilia vichakani, na akasema ataweka taa mbili. Hotuba nzima ndo hiyo, dakika tano. Nilimcheka, nikawaambia vijana wangu huyu anagombea udiwani au ulinzi wa choo. Kanipita kura mia mbili na kitu.

Choo mpaka leo kinafunguliwa usiku na taa zinawaka, nilipita juzi. Maji ndo hamna, wanabeba na ndoo kutoka nje, tanki halijawekwa. Ukitaka pa kuanzia anza na hilo tanki, kaulize bei kesho.